Waya mmoja, meza nzima

Meza ya kompyuta hupimwa pale mwenyewe anapotaka kuinuka. Akiwa ameketi, meza yoyote inaweza kuonekana safi: nyaya zimefichwa nyuma ya skrini, kibodi imekaa mahali pake, taa inawaka. Mwite sasa aje na laptopu yake chumba cha pili. Achomoe chaja, achomoe HDMI, achomoe waya wa intaneti, kibodi na kipaza sauti, ahakikishe diski ya nje imemaliza kuandika, na akirudi azirudishe zote moja moja huku akiinama chini ya meza kutafuta ncha iliyodondoka. Wengi wakifika hapo hughairi. Laptopu inabaki mezani miezi na miezi, na ile sifa waliyoinunulia, kwamba inabebeka, inakuwa haina maana tena.

Ndiyo maana nimekuwa mtetezi mkubwa wa mpangilio wa waya mmoja. Kila kitu cha mezani kinaunganishwa kwenye kifaa kimoja kinachokaa hapohapo, yaani doki, na kutoka kwenye doki unatoka waya mmoja tu unaoingia kwenye laptopu. Waya huo unaleta umeme, unapeleka picha kwenye skrini, unabeba intaneti, sauti, kibodi na diski. Watu husifu urahisi wa kuchomeka. Mimi nasifu urahisi wa kuchomoa, kwa sababu huo ndio unaoamua kama laptopu itaendelea kutumika kama laptopu. Na kwa kuwa nimeona watu wengi wakinunua vifaa vizuri kabisa ambavyo vikikutanishwa havielewani, nataka nieleze kinachoendelea ndani ya waya huo. Ukikielewa, nusu ya kazi ya kununua imeisha.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1992 Apple ilitoa PowerBook Duo, laptopu ndogo iliyokuwa ikiingizwa ndani ya kasha lililoitwa Duo Dock. Kasha liliivuta kwa mota mpaka ikapotea yote ndani, ukabaki na kompyuta ya mezani. Baadaye laptopu za ofisini zikawa na kiunganishi chini ya tumbo, unaibandika juu ya doki na kuikandamiza mpaka inase. Zilifanya kazi vizuri, nazo zilikuwa imara. Ila kila kampuni ilikuwa na kiunganishi chake, na mara nyingi hata matoleo ya kampuni moja hayakulingana. Ukibadilisha laptopu, doki nayo inakwenda.

Kilichogeuza mambo ni USB-C, kiunganishi kidogo kinachotumiwa na kampuni nyingi, ambacho kanuni zake zilitolewa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Thunderbolt 3, teknolojia ya Intel ya waya wa kasi kubwa, ikachagua kutumia tundu la umbo lilelile. Sasa hata sheria imeingilia: Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa huko kuwa na USB-C tangu mwishoni mwa 2024, na tarehe iliyowekwa kwa laptopu ni 28 Aprili 2026. Kwa hiyo doki nzuri ya leo ina nafasi kubwa ya kuitumikia laptopu utakayonunua baada ya hii uliyonayo. Zamani hilo halikuwezekana.

Tuje kwenye waya wenyewe. Kiunganishi cha USB-C kina pini 24, na unapokichomeka, hakuna umeme wowote unaopita papo hapo. Kuna pini zinazoitwa CC ambazo kazi yake ni kutambua kwamba upande wa pili kuna kifaa, na kwamba umechomeka kwa upande gani, maana plagi hii haina juu wala chini. Vikishatambuana, doki inatoa volti 5 tu. Hapo mazungumzo yanaanza kupitia waya wa CC: doki inataja inachoweza kutoa, labda volti 5, 9, 15 na 20, kila moja na ampea zake, laptopu inachagua, doki inakubali, ndipo volti zinapanda.

Halafu linafuata jambo ninalolipenda kuliko yote katika teknolojia hii. Kwa kanuni ya mwanzo, anayetoa umeme ndiye pia anayesimamia data. Doki ndiyo inayotoa umeme, lakini haina maana yoyote doki kuisimamia laptopu. Basi vinabadilishana zamu: umeme unaendelea kutoka kwenye doki kuja kwenye laptopu, na usimamizi wa data unahamia kwenye laptopu. Baada ya hapo laptopu inauliza kama upande wa pili unaweza kubeba picha za DisplayPort, yaani utaratibu wa kupeleka picha kwenye skrini, na ukijibu ndiyo, baadhi ya njia zilizokuwa za USB zinageuzwa kuwa njia za picha.

Yote haya huisha ndani ya sekunde chache, na ukitulia unaweza kuyafuatilia kwa macho. Kwanza alama ya betri inabadilika. Kisha taa ya kibodi inawaka. Skrini ya laptopu inapepesa mara moja, madirisha yanajipanga upya, na skrini kubwa inaamka. Intaneti ya waya mara nyingi ndiyo ya mwisho. Ninasisitiza mfuatano huu kwa sababu ni kipimo kizuri sana cha tatizo. Kama betri inachaji lakini hakuna kingine, shuku waya, au tundu ulilochomeka ni la kuchajia tu. Kama kibodi na kipanya vinafanya kazi lakini skrini haiamki, ama tundu hilo halitoi picha, ama waya haubebi picha, ama doki yako ni ya aina inayohitaji programu maalumu kwenye kompyuta. Na kama picha ipo lakini kipanya kinatembea juu yake kwa kukwamakwama, hapo pana suala la njia, nalo linastahili aya yake.

Ndani ya USB-C kuna njia nne za kasi kubwa. Doki ya kawaida, isiyo ya Thunderbolt, huzigawa: mbili kwa picha, mbili kwa USB. Picha za 4K, yaani zenye nukta nyingi sana, zinazoonyeshwa upya mara 60 kwa sekunde zinahitaji takriban gigabiti 12.5 kila sekunde. Kwenye DisplayPort 1.2, njia mbili zinabeba gigabiti 8.64 tu za picha halisi. Hazitoshi, kwa hiyo skrini inashuka hadi mara 30 kwa sekunde, na jicho linaona: kipanya kinaacha mkia, maandishi yanaruka unapoyasogeza. Kwa DisplayPort 1.4 njia hizohizo mbili zinafikia gigabiti 12.96, na hapo 4K kwa 60 inapita, ingawa kwa kubanana. Mbinu nyingine ambayo baadhi ya doki hufuata ni kuipa picha njia zote nne, na USB ikabaki na kasi ya USB 2.0, yaani megabiti 480. Kwa kibodi na kipaza sauti hiyo inatosha kabisa. Kwa mtu anayehariri video kutoka kwenye diski ya nje, haifai.

Sasa ukisoma kwenye boksi "4K" bila namba ya pili pembeni yake, unajua cha kuuliza. Tafuta 4K kwa 60, tena uangalie kama imeandikwa kwa skrini moja au kwa mbili, kwa sababu wauzaji wana mazoea ya kutangaza namba ya skrini moja kwa herufi kubwa na ya skrini mbili kwa herufi ndogo.

Thunderbolt hukwepa mgawanyo huu kwa kuwa na bomba kubwa zaidi. Thunderbolt 3 na 4 zina gigabiti 40 kwa sekunde kila upande, na Thunderbolt 5, iliyotangazwa mwaka 2023, ina 80, na inaweza kufikia 120 kwa upande mmoja pale skrini zinapohitaji. Picha na data husafiri kama pakiti kwenye bomba hilo, bila kutengewa nyaya zake. Ninachokipenda zaidi kwenye Thunderbolt 4, hata hivyo, si kasi, maana haikuongeza kitu juu ya 3. Ni masharti. Ili kompyuta iruhusiwe kubeba jina hilo, lazima iweze kuendesha skrini mbili za 4K kwa 60, na lazima iamke kutoka usingizini unapogusa kibodi iliyoko kwenye doki. Hili la pili linaonekana dogo mpaka utumie laptopu iliyofunikwa, iliyowekwa kwenye kishikio nyuma ya skrini, ambayo kila asubuhi inakulazimisha kuifunua ili uibonyeze.

Utaijuaje laptopu yako ina nini? Tazama alama iliyochorwa karibu na tundu. Radi ni Thunderbolt. Herufi D iliyoungana na P ni DisplayPort, kwa hiyo picha zinapita. Alama ya betri au plagi ni ya kuchaji. Kama hakuna alama yoyote, fungua kitabu cha maelezo cha toleo lako hasa, kwa sababu laptopu mbili zenye sura moja na jina linalokaribiana zinaweza kutofautiana hapo. Na usisahau kwamba laptopu moja inaweza kuwa na matundu mawili ya USB-C yaliyo pembeni kwa pembeni, moja likabeba kila kitu na jingine lisitoe picha kabisa. Mimi huanza hapa kila mtu anaponiuliza anunue doki gani. Swali la doki halina jibu kabla tundu la laptopu halijajulikana.

Nikiambiwa nitaje kitu kimoja kinachovunja watu moyo kuliko vyote, nitataja waya. Nyaya za USB-C zinafanana kama mapacha, na ndani ni vitu tofauti kabisa. Nyingi zinazokuja na chaja za simu zina nyaya za umeme na zile za USB 2.0 tu, njia nne za kasi kubwa hazimo kabisa. Ukiunganisha doki kwa waya huo, laptopu itachaji, kibodi huenda ikafanya kazi, na skrini haitawaka milele, hata ubadilishe doki. Kwenye umeme nako kuna daraja. Waya wa kawaida huishia ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Ukitaka kupita hapo, waya lazima uwe na chipu ndogo ndani ya plagi inayojitambulisha kwamba unaweza kuhimili ampea 5. Chipu isipojibu, doki yenye wati 100 itatoa 60 tu, na hiyo ni salama yako.

Urefu nao una gharama. Waya wa Thunderbolt usio na chipu za kuimarisha mawimbi hubeba gigabiti 40 kwa umbali wa takriban sentimita 80. Zaidi ya hapo, ama kasi inashuka, ama unanunua waya wenye chipu hizo, ambao unafika mita 2 bila kupoteza kitu na bei yake inajieleza. Kwa hiyo pima umbali kutoka doki itakapokaa mpaka laptopu itakapokaa kabla ya kununua chochote. Nyaya zilizothibitishwa na USB-IF, shirika linalosimamia kanuni za USB, huwa zimeandikwa namba mbili, ya kasi na ya wati, kwa mfano 40Gbps na 240W. Waya usio na maandishi yoyote ni mbuzi kwenye gunia. Mimi nikipata waya mzuri usioandikwa, nauwekea tepu na kuuandika mwenyewe siku hiyohiyo, kabla haujachanganyika na wenzake kwenye droo.

Aina za vifaa nitazipitia haraka. Kuna habu ndogo inayoning'inia kwa mkia mfupi, isiyo na umeme wake, unayochomeka chaja yako ndani yake. Inafaa kwa safari. Mezani inachosha, na hukata sehemu ya umeme kwa matumizi yake yenyewe, mara nyingi wati 10 hadi 15, kwa hiyo chaja ya 65 inaweza kukufikishia 50. Kuna doki kamili yenye adapta yake ya umeme. Na kuna skrini yenye USB-C, ambayo ndani yake mna doki tayari: inachaji laptopu, ina matundu ya USB mgongoni, nyingine zina hata tundu la intaneti. Kwa mtu wa skrini moja, naipendekeza hii kuliko doki yoyote, bila kusita. Inaondoa kasha moja, adapta moja na waya mmoja zaidi mezani, na picha haina kifaa cha kati cha kuivuruga.

Kuna pia doki za DisplayLink. Hizi hazitumii njia za picha za kompyuta. Programu kwenye laptopu inabana picha, inaituma kama data ya kawaida ya USB, na chipu kwenye doki inaifungua. Uzuri wake ni kwamba zinafanya kazi hata kwenye tundu lisilotoa picha, na zinaruhusu skrini nyingi kuliko kompyuta ilivyokusudiwa. Kasoro ni kwamba prosesa inafanya kazi ya ziada, filamu zenye ulinzi wa hakimiliki mara nyingine huonyesha weusi mtupu, na unaitegemea programu ambayo lazima iendane na kila toleo jipya la mfumo. Kwa maandishi, majedwali na barua pepe zinatosha. Kwa michezo na video, hapana.

Watumiaji wa Mac wana la kuangalia zaidi. Doki nyingi za bei ya kati hutoa skrini mbili kwa mbinu iitwayo MST, inayogawa mkondo mmoja wa DisplayPort. Windows inaielewa; macOS, mfumo wa Mac, haitumii mbinu hiyo kupanua skrini, kwa hiyo skrini zote mbili zitaonyesha picha ileile. Juu ya hilo, MacBook Air zenye chipu za M1 na M2 zinakubali skrini moja tu ya nje. Ya M3 inakubali mbili ukifunika kifuniko, na ya M4 inakubali mbili hata kikiwa wazi. Hakuna doki ya kawaida itakayobadilisha hilo, isipokuwa zile za DisplayLink nilizozitaja.

Kuhusu wati, soma chaja iliyokuja na laptopu yako na utafute doki inayofikisha angalau hizo kwenye laptopu. Namba iliyoandikwa kwenye adapta ya doki haikusaidii, maana doki yenyewe nayo inakula. Kanuni za USB zilikuwa zinaishia wati 100 hadi mwaka 2021, zilipopandishwa hadi 240, lakini doki nyingi bado ziko kwenye mia au chini yake. Laptopu kubwa za michezo zinazotaka zaidi ya hapo zitachaji polepole, na kazi ikizidi betri itashuka huku waya ukiwa umechomekwa. Mwenye laptopu ya namna hiyo namshauri aridhike na nyaya mbili. Bado ni pungufu sana ya zile sita za mwanzo.

Kuna tatizo moja linalowasumbua watu bila kujua chanzo chake. Umeshapanga kila kitu, kipanya kisicho na waya kinaanza kuruka, kibodi inameza herufi, na unabadilisha betri bila mafanikio. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili: data ya USB 3.0 inapopita, inatoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya vipanya visivyo na waya na ya Bluetooth. Ukichomeka kipokezi kidogo cha kipanya kwenye doki, ubavuni mwa diski inayofanya kazi, umekiweka kwenye kitovu cha kelele. Dawa yake ni waya mfupi wa kurefusha USB, kipokezi kikae karibu na kipanya na mbali na doki. Nimewaelekeza watu wengi hivyo, na kila mara natamani maelezo haya yangebandikwa kwenye boksi la kila doki.

Mpangilio wa mezani wenyewe hauhitaji maneno mengi. Nyaya hazipungui idadi. Zinahamia mahali ambapo huzigusi. Doki ifungwe chini ya meza au nyuma ya skrini, lakini iachiwe hewa, hasa za Thunderbolt, maana zinapata moto hata zikiwa hazina kazi kubwa. Ule waya mmoja ndio pekee unaofika juu, na ncha yake ishikiliwe na kibanio kwenye ukingo wa meza ili ukichomoa isidondoke sakafuni. Acha ulegevu kidogo kabla ya kibanio. Plagi ya USB-C imeundwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000, ila haipendi kuvutwa kwa upande.

Kinachobaki kukushika mezani ni diski ya nje. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya mpangilio huu inayoweza kukuletea hasara ukichomoa bila kuangalia, kwa sababu kompyuta inaweza kuwa bado inaiandikia. Kama unaitumia kwa nakala rudufu, ni bora uihamishie kwenye kifaa cha hifadhi kilichounganishwa na ruta, ili nakala zipite kwenye mtandao na zikikatika ziendelee baadaye. Kama lazima ikae kwenye doki, jizoeze kuitoa kwa amri kabla ya mkono kugusa waya.

Na chaja iliyokuja na laptopu, sasa haina kazi mezani. Itie kwenye begi na isitoke humo. Laptopu nyingi za USB-C hupokea chaja yoyote ya USB-C yenye wati zinazokaribia zake, na nyingi huikubali hata chaja ya simu zikiwa zimelala, ingawa betri itachukua usiku mzima kujaa.